Dhahabu ndiyo namba moja, sawa. Lakini kwa nini korosho yetu bado inapanda meli na ganda lake?

MwanaGeita

Habari za jioni wanajamvi. Nasoma biashara mwaka wa pili, na nimezaliwa Geita, kwa hiyo tangu utotoni nikisikia "mauzo ya nje" picha inayonijia ni gari la mgodini na msafara wa polisi.

Tumepewa kazi ya kuandika kuhusu bidhaa ambazo Tanzania inauza zaidi nje. Dhahabu haikunisumbua: mwaka 2023 iliingiza zaidi ya dola bilioni 3. Utalii nao ulipita bilioni 3 mwaka huo huo. Nikashuka kwenye mazao: korosho, tumbaku, kahawa, na mengine. Hapo kwenye korosho nimekwama siku tatu sasa. Mwaka 2017 ilituletea zaidi ya dola milioni 500, ikawa mfalme wa mazao yote. Lakini sehemu kubwa sana inaondoka ikiwa ghafi, na ganda lake, kwenda India na Vietnam. Kule inabanguliwa, inafungwa, na kuuzwa Marekani na Ulaya kwa bei nyingine kabisa.

Nimesoma maelezo mengi, na yote yanasema "tuongeze thamani". Hakuna anayesema ni kitu gani hasa kinatuzuia. Kubangua korosho si kurusha roketi. Aliye karibu na zao hili anisaidie, tafadhali. Sitafuti maneno ya hotuba, nataka kujua mambo yanavyokwenda huko ghalani.

Fundi_wa_Kirumba

Mkuu, dhahabu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia (mchanga wenye madini) kutoka nje ya nchi, watu wakasema tumejiua. Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kikazinduliwa hapa hapa Mwanza. Na korosho iwe hivyo: piga marufuku kusafirisha ghafi, viwanda vitakuja vyenyewe. Tunajadiliana mno katika nchi hii.

KaraniWaMzani

Mwanangu wa Geita, nimesoma swali lako mara mbili nikaona nikulipe kwa ninachokijua. Nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala misimu 17. Nilianza 2007/08, msimu ule ule stakabadhi ghalani (mzigo unawekwa ghala kuu, unauzwa kwa mnada) ilipoingia Mtwara, na nimeuacha mzani kwa sababu ya mgongo. Kaka wa Kirumba namjibu huko mbele, naye ana hoja.

Anza na kalenda, takwimu zitafuata. Korosho zetu zinaanza kudondoka mwezi wa tisa. Minada inafunguka Oktoba. Ikifika Januari, Februari ukichelewa sana, ghala limebaki na vumbi na panya. Sasa wenzetu wa India, Vietnam na Afrika Magharibi, kuanzia Ivory Coast ambayo sasa inavuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, wao wanavuna kuanzia Februari hadi Juni hivi. Kwa hiyo Oktoba ikifika, kiwanda cha Kollam kule Kerala kimeshakula mzigo wa kwao na wa Afrika Magharibi, na cha Vietnam hivyo hivyo. Mashine zinataka kulishwa, na wanunuzi wa Ulaya wanataka mzigo wa Krismasi na wa mwaka mpya. Katika miezi hiyo korosho mbichi ya msimu mpya inatoka hasa kwetu na kwa jirani zetu wa Msumbiji. Ndiyo maana wanakuja na fedha mkononi. Korosho yetu ndiyo inayowavusha hadi Februari.

Sasa geuza upande wa pili. Wewe una kiwanda Mtwara, tuseme kinabangua tani 5,000 kwa mwaka. Yule wa Kollam ananunua kwetu Oktoba, kwao Machi, Abidjan Aprili. Analipa kidogo kidogo mwaka mzima, kama mtu anayenunua unga kwa kilo. Wewe una msimu mmoja tu, kwa hiyo ndani ya wiki kumi lazima ununue chakula cha kiwanda cha miezi 12. Piga hesabu kwa shilingi 4,000 kwa kilo: tani 5,000 ni kilo milioni tano, mara 4,000, ni shilingi bilioni 20. Hizo uzilipe kabla ya Krismasi. Nyingi utazikopa, na riba ya benki zetu inazunguka asilimia 15. Hata ukisema deni linapungua kadiri unavyouza, wastani tuchukue nusu yake kwa mwaka mzima, riba peke yake ni bilioni moja na nusu, kabla hujamlipa mbanguaji hata mmoja. Na huyo uliyekaa naye kwenye mnada mmoja, akishindana na wewe kwa bei ile ile, amekopa kwao kwa riba ndogo kuliko yako na mzigo wake atauzungusha ndani ya miezi mitatu.

Hapo ndipo kiwanda kinapokufa mwanangu. Nimekaa mnadani nikawaona wenye viwanda vya hapa wakinyanyuka baada ya wiki ya tatu, fedha imekwisha, na korosho bado inashuka kwenye malori.

Watu husema hatuna mashine. Tulikuwa nazo. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000, na tukajenga viwanda 12 vya kubangua, vingine kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mashine zikitoka Italia na Japani. Lakini wakati kuta zinapanda, korosho ilikuwa inashuka. Baba yangu alihamishiwa kijiji cha ujamaa, mikorosho yake ikabaki mwendo wa saa mbili kwa mguu. Nakumbuka tukienda naye kuokota, nyasi zilikuwa zinamfika kifuani. Mwaka uliofuata hatukwenda. Bei ilikuwa ndogo, halafu ukaingia ubwiri unga, ule ugonjwa unaofanya maua yaonekane yamemwagiwa unga wa muhogo na kukauka. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata kama tani 16,500. Kiwanda kinataka mzigo, mzigo hakuna. Vingi vya viwanda vile baadaye vilibinafsishwa, na nimewahi kupokea korosho ghafi ndani ya jengo lililojengwa ili kuzibangua. Nilisimama pale na kalamu yangu nikiandika magunia, juu ya kichwa changu kuna reli ya mitambo imeota kutu. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Uliulizia mambo ya ghalani. Mkulima anaanika korosho kwenye turubai siku mbili tatu, anachambua, analeta chamani. Mimi napima unyevu, haitakiwi kupita asilimia 10. Kisha nachukua sampuli, nakata korosho moja moja katikati, naangalia kiini: kizuri, chenye madoa, kilichosinyaa, kilichooza. Kinachotafutwa ni ratili ngapi za kiini zinapatikana kwenye gunia la kilo 80. Korosho nzuri ya kwetu inatoa ratili 48 hadi 53. Kwa lugha ya jikoni, kilo tatu na nusu za ghafi zinakupa kilo moja ya kula. Magunia yanashonwa, lori linapeleka ghala kuu, mwenye ghala anatoa stakabadhi, na mnada unaitwa. Zamani zabuni zilikuwa barua kwenye sanduku, zinafunguliwa mbele ya wakulima, kiongozi anasoma bei kwa sauti kisha anauliza: tuuze, tusiuze? Siku hizi bei zinaingia kwa mtandao wa soko la bidhaa, lakini swali bado linaulizwa.

Kaka wa Kirumba, marufuku uliyoisema ingetukuta na viwanda vya kubangua sehemu ndogo tu ya mavuno. Kilichobaki kingekaa ghalani. Dhahabu ikikaa kwenye kasha inabaki vile vile. Korosho ikikaa inanyauka, uzito unapungua kila mwezi, na ikipata unyevu inaingia ukungu.

Tandahimba_Boy

Shikamoo mama Karani. Nimekusoma na nakuheshimu, lakini niseme upande wa shamba. Korosho ghafi inatozwa ushuru wa kusafirisha nje, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachukuliwa kikubwa kati ya hivyo. Wenye viwanda wanasema huo ndio unaowalinda. Mnunuzi halipi ule ushuru mfukoni mwake. Anaushusha kwenye bei anayompa baba yangu. Msimu wa 2024/25 tulivuna zaidi ya tani 528,000, haikuwahi kutokea kabla ya hapo, na minada ya kwanza ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Hizo zimetoka kwa Mhindi na Mvietnam waliogombania. Nyumba ya mabati tuliyojenga ni ya korosho ghafi. Dada yangu yuko chuo kwa korosho ghafi. Msimpende mbanguaji kwa kumnyonga mkulima.

KaraniWaMzani

Marahaba mwanangu. Umesema kweli na sitakupinga kwa hilo. Ushuru unarudi shambani, nimeuona ukirudi.

Waangalie jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, wengine ni ndugu zetu kabisa. Msumbiji miaka ya tisini ilitakiwa na Benki ya Dunia kushusha ushuru wa korosho ghafi. Ikashusha. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wabanguaji, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Na mkulima, ambaye kila kitu kilifanywa kwa jina lake, alipata nyongeza ndogo mno, kwa sababu wachuuzi waliokaa katikati ndio waliokula. Kwa hiyo kushusha tu si dawa, na kupandisha tu si dawa.

Nami nina hoja moja, nimeisema kwenye mikutano ya chama mpaka nikachoka. Dola 160 kwa tani, ukizitoza kwenye tani 300,000, unapata angalau dola milioni 48 kwa msimu mmoja. Fedha hizo zimetoka kwenye korosho. Zirudi kwenye korosho kama mkopo wa riba nafuu kwa wabanguaji wa ndani, wa kununulia mzigo tu, si wa kujengea majengo. Majengo tunayo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ipo tangu 2005, na inaruhusu stakabadhi kuwekwa dhamana. Mkulima alipwe siku ya mnada kwa bei ya mnada, ile ile aliyotoa Mhindi, hata senti isipungue. Korosho ibaki ghala kuu chini ya kufuli, stakabadhi ishikwe na mkopeshaji, na kiwanda kitoe mzigo wa mwezi mmoja mmoja kadiri kinavyolipa. Asipolipa, korosho bado ipo, inauzwa. Hapo baba yako hajanyongwa, na kiwanda hakijakosa chakula mwezi wa nne.

Kuhusu mzigo kukaa, nina mwaka 2018 kichwani. Oktoba wakulima walikataa bei za mnada, na walikuwa na haki, kwa sababu msimu uliotangulia tulivuna zaidi ya tani 313,000 na bei ilikuwa nzuri sana. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini korosho iliyokwisha nunuliwa inataka mlaji, na wakati wetu ni ule wa kabla ya Februari. Ukishapita, wanunuzi wana mzigo wa Ivory Coast na hawana haraka na wewe. Tangu mwaka huo kila anayeniambia "tushikilie korosho mpaka bei ipande" namuuliza atashikilia mpaka mwezi gani.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hawaliandiki: uaminifu wa gunia. Msimu mmoja nilifungua gunia kwenye chama kimoja, sitakitaja, nikakuta kokoto katikati, zimezungukwa na korosho nzuri. Kilo kama sita. Aliyefanya vile alipata shilingi zake elfu ishirini na kitu. Gunia kama hilo likifika Tuticorin kule India au Ho Chi Minh kule Vietnam, mnunuzi hasemi "chama fulani", anasema "Tanzania", na mwaka unaofuata anatupunguzia sote bei kabla hajaona mzigo. Kangomba nao wana mchango wao hapo, wale wanaonunua kwa bakuli usiku shambani kwa mkulima mwenye shida ya ada au ya hospitali. Wananunua zisizokauka, wanachanganya, kisha wanazipitisha chamani kwa jina la mtu mwingine.

MamaBangua_Mtwara

Naomba niongeze dakika moja. Mimi nimebangua miaka minne, kiwanda sikitaji. Tulikuwa tunaanza Novemba. Aprili, mwaka wa bahati Mei, msimamizi anasimama mlangoni: mzigo umekwisha, nendeni nyumbani, mtaitwa. Miezi sita hakuna mshahara. Wasichana waliokuwa wamekwisha kuwa na mikono mizuri walikwenda Dar kufanya kazi za ndani, na Novemba wanaletwa wapya ambao hawajui kitu.

Na mikono ndiyo kila kitu hapo. Ganda lina mafuta yanayounguza. Ukisahau kupaka majivu au mafuta ya kula, ngozi inababuka kama umeshika chungu cha moto. Unabana korosho, unakanyaga pedeli, ganda linapasuka, kiini kitoke kizima. Kikivunjika daraja linashuka na malipo yako yanashuka nacho. Mpya anavunja nyingi. Mzoefu anavunja chache mno. Mwaka wa tatu nilikuwa nashindana na saa ya ukutani. Ukiona pakiti imeandikwa W240 au W320, hiyo namba ni idadi ya korosho nzima kwenye ratili moja, namba ndogo ndiyo korosho kubwa.

Mama Karani akisema chakula cha miezi 12 mimi namwelewa mwilini. Kiwanda kikifanya kazi mwaka mzima, mikono inabaki.

Fundi_wa_Kirumba

Nimeelewa kitu leo. Nilidhani tatizo ni wanunuzi wa nje. Naondoa neno langu la marufuku kwa sasa, ingawa bado nataka tarehe ya mwisho iwepo. Serikali imesema ifikapo 2030 korosho yote ibanguliwe hapa nchini. Mama, hilo unalionaje?

MwanaGeita

Shikamooni wazazi wangu. Nimeandika kurasa nne usiku huu. Mama Karani, naomba kuuliza la mwisho. Mwalimu wetu anapenda kutuambia kwamba dhahabu ni dola bilioni 3 na korosho ni sehemu ndogo ya hizo, kwa hiyo nguvu ya nchi iende kwenye madini. Nimjibu nini? Mwaka 2023 hapa Mwanza dola zilikuwa adimu kweli, wenye maduka ya vipuri walikuwa wanahangaika, kwa hiyo hoja yake naona ina uzito.

KaraniWaMzani

Marahaba mwanangu. Kaka wa Kirumba, tarehe naipenda, nami ningependa niione nikiwa na macho. Ila nitaiamini siku nitakapoona fedha ya kununulia mzigo ipo benki mwezi wa tisa, kabla ya mnada wa kwanza. Majengo mapya yananifurahisha, lakini nimekwisha kuona majengo.

Kuhusu mwalimu wako, usimpinge kwa dhahabu. Dola ya dhahabu inanunua mafuta ya gari kama dola nyingine yoyote, na mafuta ndiyo yanayotula sana. Mwombe tu aiangalie dola inapita mikono mingapi kabla ya kufika benki. Mimi kitabu changu cha msimu mmoja kilikuwa na wakulima zaidi ya 600, kwa chama kimoja tu, na kata yetu ina vyama zaidi ya kimoja. Mkubwa wao alileta tani 11. Mdogo wao alikuwa bibi mmoja mjane, alileta kilo 34 kichwani, mara mbili, kwa sababu mzigo mmoja ulimshinda. Wote wawili walilipwa kwa bei moja ile ile ya mnada, kwenye akaunti. Halmashauri ikachukua ushuru wake wa asilimia 3, na barabara yetu ya kuteremkia bondeni ikapata changarawe. Wiki mbili baada ya malipo, mafundi cherehani wa Newala walikuwa hawalali.

Halafu mwonyeshe hesabu hii. Kilo moja ya korosho ya kula imetokana na kilo tatu na nusu za kwetu. Kwa shilingi 4,000, mkulima na wote walio nyuma yake wamepata 14,000. Nenda dukani hapo Mwanza, soma bei ya kilo moja kwenye pakiti, toa 14,000. Kilichobaki ni kazi ya kubangua, kumenya, kuchambua, kufunga, na kusafirisha. Kazi hiyo ndiyo MamaBangua anaijua, ndiyo anayoikosa kuanzia Aprili. Andika namba utakayoipata, uilete hapa, nami nataka kuiona.

Nawaaga kwa leo. Mikorosho yangu 63 inachanua na nimebakiza mzunguko mmoja wa salfa, dawa ya ubwiri unga. Inapigwa alfajiri, umande ukiwepo na upepo ukiwa umelala, la sivyo inaishia kwa jirani. Saa kumi na moja niko shamba.